Kwa Mdogo Wangu Atakayeongoza Tume

Chumba cha uani,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili asubuhi, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu Miwani,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako mkubwa, yule aliyekubeba mgongoni mpaka watu wakadhani una miguu mibovu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na watoto je, yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole, au bado anakinyonya mbele ya wageni? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Vaa sweta. Najua una shahada nyingi kuliko sufuria zangu, lakini sijasikia shahada iliyozuia nimonia.

Kwa kawaida hapa ningeandika kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako tu. Safari hii ningekuwa nakudanganya. Mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu kuanzia kwenye kiwiko, jicho la kushoto ndiyo kwanza linafunguka, na mbavu zimenikataza kucheka, adhabu ambayo wewe unajua uzito wake kwangu. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. Ungeweza kuniambia nipige simu, lakini yangu iliungua, na ya kuazima siitaki kwa maneno haya. Tena kwenye simu ungenikatiza. Tangu utotoni hujui kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Barua huwezi kuikatiza.

Mama hajambo kiasi. Magoti yanamsumbua, usingizi anapata. Hasemi na mimi, na sababu yake utaikuta huko mbele.

Naanza na ulichokisema redioni. Nilikusikia nikiwa nimelazwa hospitalini, kitanda cha dirishani, na mgonjwa wa jirani akaongeza sauti kwa sababu niliropoka kwamba huyo ni mdogo wangu. Ukasema, kwa ile sauti yako ya kuyapiga maneno pasi kabla ya kuyatoa, kwamba wananchi waliopotoshwa na uvumi walivamia Kituo cha Utafiti na kumuua mlinzi kwa mawe. Ukasema umekubali kuja kuongoza tume ya uchunguzi, maana tumechoka kuchunguzwa na wageni. Wodi nzima ikapiga makofi. Mimi nikamwomba jirani aizime redio.

Mlinzi hakuuawa kwa mawe, Miwani. Aliuawa na gari la Kituo, na aliyekuwa kwenye usukani ni shemeji yetu, mume wa dada yako wa pili, mkurugenzi uliyemvisha joho wewe mwenyewe. Nilimwona kwa macho yangu yote mawili, yakiwa bado yako mawili. Na sasa kuna mtu mwingine mahabusu anayeweza kunyongwa kwa kifo hicho. Basi vuta kiti usome.

Kazi yangu unaijua, ingawa sidhani kama uliwahi kuwaeleza rafiki zako. Mtoto akifariki wodini kwetu Kituoni, mimi ndiye nilikuwa nakwenda kukaa na mama yake. Namwacha alie. Wako wanaolia papo hapo, na wako wanaokaa kimya mpaka unatamani walie. Nasema pole, nasema tena, ndiyo maana wodi nzima wakanipa jina la Mama Pole. Akitulia kidogo namweleza kwamba madaktari wanaomba kuchukua vipande vidogo vya mwili wa mwanawe kwa sindano kabla hajazikwa, wajue kilichomuua. Sindano moja ubavuni mpaka kwenye ini, nyingine kifuani, nyingine nyuma ya shingo. Nilikuwa naitaja kila moja. Wengine walikubali. Wengine walinitemea mate, nikajifuta, nikasema pole, na mtoto akaenda nyumbani kama alivyo.

Usidhani nawalilia wageni waliokuwa wakikiendesha Kituo. Nao walikuwa na yao. Walikuja na karatasi ndefu ambazo hata wewe hungezimaliza ukiwa umefiwa, chupa zikapanda ndege, majibu hayakurudi, na majina yaliyoandikwa kwenye majarida yakawa ya kwao tu. Siku walipofunga mizigo nilishangilia mpaka kilemba kikanidondoka. Ulisimama pale mbele umevaa suti ya kijivu, ukasema afya yetu irudi mikononi mwetu, na mimi nikamwambia kila aliyekaa karibu yangu kwamba yule nimemwogesha.

Kisha nikaangalia ni mikono ya nani. Shemeji akahamia kwenye nyumba ile ile ya mkurugenzi, yenye ukuta ule ule na mbwa yule yule, ambaye hadi leo hambwekei mtu mwenye gari. Fedha zinatoka kule kule zilikokuwa zikitoka. Chupa zinapanda ndege kama zamani. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba sasa kwenye picha anayekabidhi chupa ni mtu wetu, na anacheka.

Halafu likaja Baraza la Jamii. Wazo lilikuwa lako, usilikane, maana picha yako imetundikwa juu ya meza yao na maneno yako chini yake: kwamba kumwuliza mtu mmoja mmoja ni mazoea ya kuletewa, na kwetu jamii ndiyo huamua. Maneno matamu. Huko ulikoyasema nadhani walisimama kukushangilia. Hapa nyumbani jamii ikawa mwenye kituo cha mafuta, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye duka kubwa la dawa, na mke wa kamanda wa polisi. Wakakaa kwenye chumba cha kiyoyozi, wakanywa soda, wakaziridhia zile sindano kwa niaba ya watoto wote watakaofia wodini, hata ambao hawajazaliwa.

Shemeji aliniita ofisini akanipa habari hiyo kana kwamba ananipa zawadi.

"Dada, pumzika sasa. Hakuna haja ya kuwasumbua akina mama na maswali. Jamii imeshakubali."

"Jamii ipi, Shemeji? Mimi nimekaa hapa hapa, mbona sikuulizwa?"

"Baraza limekaa, Dada. Au unataka turudi kwenye mambo ya wazungu?"

Nikarudi wodini. Nitakuambia ukweli kwa kuwa nawe nakudai ukweli: niliona nafuu. Kutaja zile sindano mbele ya mama aliyefiwa kulikuwa kunanila. Nikabaki kusema pole tu na kuwafungia watoto shuka, na jioni nikawa nala na kushiba.

Sasa mtu wa mahabusu. Ni fundi mwashi yule tunayemwita Timazi, aliyemjengea Mama jiko. Unamkumbuka, alibomoa ukuta uliokwisha kupigwa lipu kwa sababu kona moja haikumridhisha, Mama akamfokea, naye akaendelea kubomoa. Binti yake alifika wodini na homa kali, akafa kabla ya mchana. Nilimshika mkono mkewe, nikasema pole. Sikumwuliza kitu. Mtoto akapelekwa chumba cha nyuma, akachomwa, akabandikwa plasta, akafungwa shuka safi nililolifunga mimi. Wakamchukua wakaenda.

Nyumbani wanawake walipomfungua kumwosha, wakaziona plasta. Wakabandua. Shimo ubavuni, shimo kifuani, shimo shingoni. Weka kando uprofesa wako, ujione wewe ndiye baba wa mtoto yule. Ungefikiri nini? Walifikiri ameuawa ili auzwe kwa vipande. Yule mama alitoka nje na zile plasta mkononi akawa anawaonyesha watu barabarani, mmoja baada ya mwingine. Mtaa wenye watoto waliofia Kituoni hauhitaji kuchochewa na mtu wa nje.

Walikuja na nondo, mapanga, na petroli kwenye chupa za juisi. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mimi na binti wa maabara tulikuwa chumba cha nyuma. Geti la mbele liling'oka, kisha vioo, kisha mlio wa mtu anayepigwa, nadhani mhasibu, maana alikuwa akiita jina la mke wake. Shemeji akapita kwenye ujia akiwa na mkoba. Nikadhani anakuja kututoa. Akatutazama, akavuta mlango wetu, akaufunga kwa ufunguo kwa nje. Nilimsikia akisema, "Sampuli zisiharibiwe." Sisi hakututaja.

Dirisha la chumba kile lina nondo na linatazama lango la nyuma. Pale alikuwa mzee tunayemwita Filimbi, mlinzi wa tangu enzi za wageni. Lango lile lina bawa moja lililolegea bawaba, haliendi mpaka mtu aliinue kwa bega. Filimbi alikuwa amelitia bega. Shemeji akaingia kwenye gari, akapiga honi. Mzee akainua mkono kumwambia asubiri kidogo. Hakusubiri. Gari lilimbana mzee kwenye lango mpaka nikasikia kitu kikivunjika ambacho si chuma. Likarudi nyuma. Lango likaanguka naye chini yake. Kisha gari likapita juu ya lango na juu ya mzee, matairi ya mbele, halafu ya nyuma, likakata kona. Binti wa maabara alikuwa ameniuma bega, nafikiri ili asipige kelele. Alama zake bado ninazo.

Wakati huo Timazi hakuwa akimpiga mtu yeyote. Alikuwa amevunja friza kubwa, chumba kinachopakana na chetu, amepiga magoti kati ya vichupa vilivyoganda, anavichambua kwa mikono mitupu. Namba tu, hakuna majina. Anaokota kimoja anakipangusa barafu, anatupa, anaokota kingine. Mikono yake ilikuwa imekatika na chupa, damu mpaka kwenye viwiko. Kuna kidirisha cha kioo kati ya vyumba vile na nilimwona vizuri. Alikuwa anamtafuta binti yake.

Mtu akapiga ukelele nje kwamba mzee amelaliwa na lango. Timazi akaacha vichupa akatoka. Yeye na wengine waliliinua lango, akamtoa Filimbi, akakaa chini akamlaza kichwa mapajani. Mzee alikuwa bado anapumua, anapumua damu. Timazi akamfuta mdomo kwa shati lake. Mzee akafa pale. Shati hilo ndilo polisi wamelipeleka kama ushahidi.

Kisha moshi ukaingia chumbani kwetu. Wanawake walivunja mlango kwa benchi la wodini. Wa kwanza kuingia alikuwa mke wa Timazi, na alinitambua.

"Uliniuliza?" akasema.

Nikasema, "Sikukuuliza."

Akanipiga na ubao wa benchi. Mkono ulivunjika kwa pigo la kwanza. Mengine yalikuja usoni na mbavuni, na wenzake walisaidia. Aliponiona siinuki tena, akanishika mkono ule ule uliovunjika akaniburuta mpaka nje ya moshi. Sijui kama aliniokoa au alitaka nafasi ya kutosha kunipigia. Sikupata kujua, kwa sababu polisi walifika na kuanza kufyatua. Muuza mkate, aliyekuwa anapita tu na trei yake, alipigwa risasi ya shingo akaangukia mikate. Watoto wa shule walikanyagana mtaroni. Hilo redioni sikulisikia.

Nikiwa nimelazwa, Shemeji alikuja kuniona pamoja na dada yako. Alileta matunda. Akakaa kitandani, akaushika mkono wangu uliovunjika, wakati huo ukiwa na bendeji tu, akaanza kuuminya taratibu huku anatabasamu.

"Dada, ulipigwa sana kichwani. Mtu akipigwa kichwani huona mengi."

Akaminya mpaka nikauma shuka. Dada yako alikuwa anayapanga matunda kwenye sahani, makubwa chini, madogo juu. Hakuinua uso. Tulizaliwa tumbo moja, Miwani, na aliyapanga yale matunda mpaka yakaisha.

Niliporuhusiwa nilikwenda polisi kabla hata ya kwenda nyumbani. Askari alinipokea vizuri, akanipa kiti, akachukua kalamu. Nilipolitaja gari la Kituo aliifunga kalamu. Akaniambia niende kwanza nikapone, na kwamba mambo hayo yatasikilizwa na tume. Nikamwuliza mashahidi wa tume wanaitwa na nani. Akasema Baraza la Jamii. Nikacheka, na mbavu zikanikumbusha.

Shahidi mwingine ni binti wa maabara. Niliposema nimtafute, nikaambiwa amesafiri, amepata ufadhili wa masomo ya juu huko kwako, kwa barua ya kumpendekeza uliyoiandika wewe. Bila shaka Shemeji alikuambia kuna msichana wa nyumbani mwenye kipaji, tumwinue, tusiwaachie wengine nafasi. Ukafurahi. Hukujua. Lakini umemsafirisha shahidi, mdogo wangu, tena kwa tabasamu. Mtafute. Mwulize alimuuma nani bega.

Timazi yuko mahabusu. Mwanya wa kumwona niliupata kupitia mpishi wa pale. Wamempiga nyayo hawezi kusimama. Vidole vya mkono anaoshikia mwiko wamevivunja kimoja kimoja kwenye droo ya meza, ili akiri. Hajakiri. Aliniuliza kama binti yake alizikwa akiwa mzima au amepungua. Nikamwachia maji.

Ndiyo Mama hasemi na mimi. Niliwaambia yeye na dada yako kwamba nitayasema haya mbele ya tume, niitwe nisiitwe. Dada yako alinisukuma ukutani, plasta na yote, akaniuliza watoto wake nitawalisha mimi? Mama hakumzuia. Alisema, "Mume wa mwanangu hafungwi na mwanangu," akaingia ndani, na tangu siku hiyo nikimsalimia anageukia ukuta. Ndiyo maana unaona anwani ni chumba cha uani. Nimepanga. Kina godoro moja na dirisha linaloingiza vumbi la mbao, lakini hakina shemeji.

Nilikwenda kwa mke wa Timazi pia. Niliogopa sana, nakiri, nilisimama mbali na mlango kidogo. Nikamwambia mumewe hakuua, kwamba nilimwona aliyeua, na kwamba nitasema. Hakunishukuru wala hakuniomba radhi, na mimi sikuifuata radhi. Akafunga mlango. Nilipogeuka, akaufungua tena.

"Huyo profesa anayekuja kukaa kwenye kiti cha tume, mnafanana naye. Ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Na mkurugenzi je?"

"Ni shemeji yetu."

Akacheka. Miwani, mwanamke yule hajacheka tangu azike, na alicheka mpaka akakaa chini kizingitini. Alipomaliza akajifuta macho, akasema bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya juma, "Basi mume wangu amekwisha."

Nilitaka kukutetea.  Nikataka kumwambia kwamba wewe ulikataa kula siku nzima Baba alipomchapa mtoto wa jirani kwa kosa lako, mpaka Baba akaenda kumwomba mtoto yule msamaha. Nikataka kumwambia kwamba unayoyasema majukwaani unayaamini, na naamini unayaamini. Lakini nikakumbuka redio. Ulikuwa huko mbali, hujamwuliza mtu hata mmoja aliyekuwepo isipokuwa Shemeji, na ukawaambia watu mlinzi aliuawa na nani. Nikaondoka.

Nasikia umeandaliwa chumba kwa Shemeji, chumba cha wageni, chenye maji ya moto. Usilale pale. Ukilala pale hata usiku mmoja, ukweli wote utakaoutoa baadaye utanuka sabuni ya nyumba ile. Godoro langu ni la mtu mmoja, lakini mimi nimeshakuzoea, nitalala sakafuni.

Na siku ya tume nitakuja. Sitakuwa kwenye orodha ya Baraza. Nitasimama nyuma na mkono wangu wa plasta, na utaniona, kwa sababu hata gizani unanijua. Usiniite Dada mbele za watu. Niite mbele kama unavyomwita mtu yeyote, uniulize nani alimuua mzee Filimbi. Uulize kwa sauti, waandishi wakiwepo. Nitajibu. Nikijibu, baba wa watoto wa dada yetu ataondoka na pingu, Mama atakulaani pamoja na mimi, na wale waliokupigia makofi watasema umeiharibu kazi ya watu wako mwenyewe. Najua ninachokuomba. Usiponiita nitapiga kelele, na askari watanitoa nje kama mwendawazimu, na wewe utaendelea na shahidi anayefuata, na Timazi atakwenda kwenye kamba.

Siku zote nimekuwa nikiomba watu wangu waonekane wasema kweli. Kwa mara ya kwanza naomba mtu aonekane mwongo. Mfanye mke wa Timazi awe mwongo, Miwani. Nakuomba. Sina mwingine wa kumwomba.

Msalimie sana wifi yangu, umwambie vitambaa alivyonitumia nilivishona mapazia ya wodini, na yaliungua yakiwa bado mapya. Wabusu watoto, mkubwa mwambie shangazi yake ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto, tushindane. Shangazi yetu wa ng'ambo ya mto anakusalimu. Mjomba kinyozi naye anakusalimu, anauliza kama huko kuna mtu anayekinyoa kichwa chako bila kukipinda. Mjane wa mzee Filimbi hajakutumia salamu. Nilimwuliza, akasema atakuona huko huko.

Mungu akuvushe anga salama, akutue chini taratibu, na akulinde na wale watakaokuja kukupokea kwa maua.

Wako akupendaye, na ambaye angetaka kuendelea kukupenda,

Dada yako mkubwa.